Mchumba wangu anapenda majani kuliko nyama

Wadogo zangu, leo naweka pembeni barua nyingine zote nimjibu binti mmoja wa Morogoro. Ndoa yake imekaribia. Mchumba ni fundi umeme, mchapakazi, mwenye adabu kwa wakwe, ila wakienda kula anaagiza ugali kwa matembele, na vipande vya nyama akiwekewa anamsogezea mwenzake. Rafiki za binti wakaanza kumjaza maneno: mwanaume gani anakula majani kama mbuzi? Mchunguze huyo, pengine hana haja na wanawake. Binti hapati usingizi, anauliza kama kuna ukweli.

Hakuna, mdogo wangu. Kulala kwako usiku kusiharibiwe na maneno hayo.

Mtu kuvutiwa na wanawake, au na wanaume wenzake, hakutokani na jikoni. Hakuna chakula kinachomtia mtu hisia hizo wala kinachomwondolea, na kwenye sahani hazisomeki. Wapo wanaume wanaopenda wanaume wenzao na hawapitishi siku bila mishikaki. Wapo baba za watu, wenye watoto saba, waliokua kwa kisamvu na mlenda. Aprili 2010 aliyekuwa rais wa Bolivia, Evo Morales, alisimama mbele ya mkutano wa mabadiliko ya tabianchi akadai kuwa kuku wamejazwa homoni za kike, na wanaume wakiwala wanapotoka katika uanaume wao. Kuku, jamani, nyama ile ile ambayo rafiki zako wangefurahi kumwona mchumba wako akiitafuna! Na sisi hapa hatukuachwa nyuma: kuku wa kisasa tumewasingizia, chipsi tumezisingizia, mpaka "wanaume wa Dar" wamekuwa utani wa nchi nzima. Leo zamu ya matembele. Lawama inahama hivyo kutoka chakula kimoja hadi kingine kwa sababu haikuwa na ushahidi tangu mwanzo.

Soya nayo husemwa sana, kwa kuwa ina viini vinavyofanana kidogo na homoni ya kike. Watafiti walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanaume, mwaka 2010 na tena 2021, na mara zote mbili hawakukuta kwamba soya inashusha homoni ya kiume. Nguvu za mwanaume zinategemea sana mishipa ya damu iliyo mizima, na mboga za kijani zina naitreti ambayo mwili huigeuza kuwa gesi ya kuitanua mishipa hiyo. Kwa hiyo anayeogopa mchicha kwa ajili ya urijali wake anakimbia kitu kinachomsaidia. Na kama nguvu za mwili ndizo zinazopimwa, tazameni wakimbiaji wa Kikalenjini wa Kenya: watafiti waliopima vyakula vyao mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta sehemu kubwa mno inatoka kwenye mimea, ugali, wali, viazi, maharage na mboga, na nyama ni kidogo tu.

Lakini ni kweli kwamba wanaume wengi wanaukwepa mchicha, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Mwaka 2004 Jane Wardle na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliowagusa wanafunzi wa vyuo vikuu zaidi ya 19,000 katika nchi 23. Karibu kila mahali wanawake walikula zaidi matunda na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Walipotafuta sababu, sehemu kubwa ilitokana na mambo mawili: wanawake waliuona ulaji bora kuwa jambo la maana kuliko wanaume walivyouona, na waliokuwa wakijaribu kupunguza uzito walikuwa wengi zaidi kwa wanawake. Ulimi hautoshi kuwa kisingizio. Utafiti wa Linda Bartoshuk wa Marekani ulionyesha kuwa wanaoonja uchungu kwa ukali mno, wengi ni wanawake. Kama ni suala la maumbile peke yake, sisi wanawake ndio tungekuwa tunakataa mnafu.

Tunawafundisha wenyewe. Kaeni siku moja kwa mama lishe mchana. Anakuja kijana wa bodaboda, mama hamuulizi, anampakulia kilima cha wali, maharage, nyama mbili, na mboga anaigusisha tu ukingoni mwa sahani kwa ncha ya kijiko. Anayefuata ni dada wa saluni, naye anajaziwa mchicha. Nyumbani ni vivyo hivyo: finyango kubwa kwa baba, inayofuata kwa mtoto wa kiume, na msichana anaambiwa ale mboga ngozi ing'ae. Huyo mvulana akifika miaka ishirini ameshajua kwamba majani ni ya kike, ingawa hakuna aliyemkalisha chini kumwambia. Tena si sisi peke yetu. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada walikuta watu wakimwona asiyekula nyama kuwa mwema zaidi, lakini mwanaume pungufu.

Gharama yake tunaiona hospitalini. Jongo, lile la kidole gumba cha mguu kuvimba usiku mpaka shuka ikigusa mtu analia, huwapata zaidi wanaume, na nyama nyekundu kwa wingi pamoja na bia huchangia. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama za kusindikwa, kama soseji, kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana, na nyama nyekundu kwenye vile vinavyoelekea kufanya hivyo. Shirika hilo linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, viazi na mihogo havihesabiwi. Sisemi nyama iachwe. Nasema asichekwe anayeongeza mboga.

Na hao rafiki zako, mdogo wangu, waambie wanyamaze. Hapa kwetu kumpakazia mwanaume kwamba anapenda wanaume wenzake si mzaha. Mtu anafukuzwa kazi, anatengwa na ndugu, anapigwa mtaani, hata polisi anaweza kufikishwa. Inaniuma kuona watu wazima wanamtwisha mtu hatari ya namna hiyo kwa sababu ya bakuli la matembele. Na hata yule ambaye kweli anavutiwa na wanaume wenzake ni mtoto wa mtu, hastahili kuwindwa.

Wenye waume wasiogusa mboga, angalieni kwanza mnavyopika. Mchicha uliochemshwa nusu saa ukawa tope la kijivu hata mimi siuli. Osha kabla ya kukata, kaanga kitunguu na nyanya mpaka ziive, tia majani, geuza dakika chache, tui zito liwe la mwisho. Mnafu chemsha, mwaga maji ya kwanza, halafu weka karanga iliyosagwa. Kisamvu kitwange laini na kiive sawasawa, kibichi kina sumu. Mume akisema yeye si mbuzi, usibishane naye. Weka bakuli mezani, kula, kesho weka tena. Ladha huzoeleka.

Bibi harusi wangu, kama kuna jambo jingine linalokutia shaka kwa mchumba wako, mkalishe mzungumze kama watu wanaotaka kuishi pamoja: kupenda, watoto, fedha, wazazi. Zungumzeni pia kuhusu kupima afya kabla ya ndoa. Hayo ndiyo ya kuuliza. Nanyi mama wa watoto wa kiume, nawaomba: kuanzia chakula cha leo jioni, wapakulieni mboga sawa na dada zao.