Kompyuta Imekufa? Tazameni Kapasita Kwanza

Katika ofisi za vikundi vingi kuna kompyuta moja ya zamani iliyofunikwa kitambaa pembeni. Ilikuja kama msaada au ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Iliandika barua na hesabu za wanachama kwa miaka, halafu ikaanza vituko: leo inawaka, kesho inagoma, kesho kutwa inazima yenyewe katikati ya kazi. Fundi akaitazama dakika mbili akasema bodi imekufa, nunueni nyingine. Katika somo hili tunataka kuwaonyesha kwamba kwa kompyuta za umri fulani ugonjwa huo mara nyingi unaonekana kwa macho, na unatibika.

Chomoeni waya wa stima ukutani, kisha mfungue kifuniko cha pembeni. Ile bodi pana iliyobeba kila kitu mafundi huiita madabodi. Karibu na feni ya prosesa mtaona vimkebe vidogo vya mviringo vimesimama mistari mistari. Hizo ndizo kapasita. Kazi yake ni kama ya tangi la maji nyumbani: maji ya mfereji huja kwa vipindi, leo kwa nguvu kesho kidogo, lakini ya tangi hutoka sawasawa. Prosesa nayo hula stima kwa mikupuo, na kapasita ikichoka, kompyuta hukwama.

Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyo mbovu imevimba kichwa au imepasuka pale palipochorwa msalaba, na pengine imetoa uchafu wa kahawia kama kahawa iliyokauka. Nyingine huvimbia chini, ikainama upande. Kuna pia zile zinazochoka bila kuvimba, lakini hizo zataka kipimo cha fundi.

Ndani ya kimkebe kuna karatasi mbili nyembamba za alumini zilizokunjwa kama mkeka, na katikati yake karatasi iliyoloweshwa dawa. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, viwanda kadhaa vilitoa kapasita zenye dawa mbaya. Dawa hiyo ilikula alumini, ikatoa gesi, na gesi ikitafuta njia kimkebe hupasuka. Hata kampuni kubwa ziliumia. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 za Marekani kwa ajili ya kompyuta zake za OptiPlex zilizokuwa na shida hiyo. Modeli za GX270 na GX280 zilijulikana sana kwa ugonjwa huu. Kwa hiyo mkiwa na kompyuta ya miaka hiyo, msikubali neno "imekufa" kabla ya kuona vichwa vya kapasita.

Sasa kazi yenyewe. Kama kompyuta bado inawaka mara moja moja, nakilini kwanza rekodi za kikundi. Diski haiharibiki kwa sababu kapasita imevimba, lakini mashine ikizima katikati ya kuandika, hesabu zaweza kupotea. Kile kisanduku cha chuma kinachopokea stima msikifungue kabisa! Ndani yake hukaa volti zaidi ya 300, hata baada ya kuchomoa waya.

Kabla ya kutoa kapasita, chora picha ya bodi na uandike upande wa hasi wa kila moja, yaani ule wenye mstari ubavuni. Usitegemee rangi iliyochapwa kwenye bodi, kwa maana kuna viwanda vilivyoichapa kinyume. Kapasita ikiwekwa kinyume hupasuka kwa kishindo.

Bodi hii si kama ya redio. Ina tabaka kadhaa za shaba ndani, nazo humeza moto, kwa hiyo chuma cha kulehemu cha wati 25 kitawachosha bure. Tafuteni cha wati 50 au 60. Ongeza lehemu mpya kidogo kwenye mguu, upashe moto, uinamishe kapasita taratibu, kisha uhamie mguu wa pili. Usivute kwa nguvu: ukivuta utang'oa shaba iliyo ndani ya tundu, na hapo kweli bodi itakuwa imekufa. Tundu likiziba, lipashe moto na ulizibue kwa kijiti cha meno. Dawa iliyomwagika ifutwe kwa spiriti, ikauke kabisa. Madirisha yawe wazi, na anayefanya kazi anawe mikono kabla ya kula, maana lehemu nyingi ina risasi.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanaweka kapasita yoyote ya redio yenye namba ileile. Mfano, iliyotoka imeandikwa maikrofaradi 1500, volti 6.3. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, iandikwe digrii 105, na iwe ya aina yenye ukinzani mdogo wa ndani. Ya kawaida itapata joto na kuvimba tena. Mwambieni muuzaji wazi kwamba ni ya madabodi. Luthuli Avenue jijini Nairobi zinapatikana, lakini bandia nazo zipo, kwa hiyo nunueni kwa mtu atakayekubali mrudi. Na kung'oa kuukuu kutoka bodi nyingine ya miaka ileile ni kuhamisha ugonjwa tu.

Vumbi na joto la mabati huua kapasita haraka. Kwa kila digrii 10 zinazopungua, maisha yake huongezeka karibu mara mbili, basi safisheni feni.

Tena, si kila kompyuta inafaa gharama hii. Yenye Windows XP iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama mwaka 2014, kwa hiyo ifanye kazi ya hesabu na kufundishia uchapaji, bila intaneti.

Ya kujadiliana kikundini: Je, kompyuta yetu ilitengenezwa mwaka gani, na vichwa vya kapasita vikoje? Rekodi zetu zimenakiliwa wapi? Ni kijana gani kijijini anayetengeneza redio ambaye tunaweza kumpa bodi mbovu ya kujifunzia kabla hajagusa yetu?