Parkinson: Macho Mazima, Kuona kwa Shida

Mzee anayetetemeka mkono akikosa kikombe mezani, au akisita mlangoni, watu wa nyumbani husema macho yamezeeka. Huenda ni kweli. Mtoto wa jicho si mgeni kwa wazee wa kata ya Lionja, mkoani Lindi, kwa hiyo aanze kupimwa macho katika hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa. Lakini ikiwa miwani imeshanunuliwa na shida iko palepale, ulizeni kuhusu ugonjwa wa Parkinson. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wengi wa wagonjwa hawakuwa wametambuliwa kabla ya hapo.

Ugonjwa huu huua polepole seli za ubongo zinazotengeneza dopamini. Wengi huihusisha dopamini na mwendo tu, kumbe imo hata kwenye retina, nyuma ya jicho, ikisaidia kutofautisha rangi na vivuli. Ikipungua, uji mweupe hupotea ndani ya bakuli jeupe, na ngazi ya saruji huonekana imeungana na sakafu. Macho hupepesa mara chache hadi yanakauka. Kwa kitu cha karibu hayakutani vizuri, ndipo mtu anaona herufi mbilimbili. Ubongo nao hukosea kukadiria umbali.

Bibi awekewe uji kwenye bakuli la rangi iliyoiva. Ukingo wa ngazi upakwe rangi inayoonekana, na taa ya sola iwake usiku kati ya kitanda na mlango. Akiganda miguu, chora sakafuni mistari ya chokaa inayokatiza njia, ikiachana hatua mojamoja, kisha mwambie aivuke. Ajabu ni kwamba kuona huko huko kwenye hitilafu kunaweza kumfungulia mwendo.

Linalotia hofu zaidi ni maruweruwe. Babu anaona watoto wamekaa mkekani, au koti lililotundikwa linageuka mtu. Hapo ndipo familia hukimbilia kwa mganga. Hajarogwa: ni ugonjwa, na wakati mwingine ni dawa zake. Levodopa inaweza kuyachochea, na benzhexol ni mbaya zaidi kwa wazee. Hata hivyo msimwachishe dawa wenyewe, kwani kukatiza ghafla ni hatari. Msibishane naye wala kumcheka. Washeni taa, ondoeni lile koti. Maruweruwe yakianza ghafla, apimwe malaria na mkojo, maana maambukizi huyaleta.

Kabla hajapewa dawa yoyote ya kumtuliza au ya kuzuia kutapika, mwambieni mhudumu kwamba ana Parkinson. Haloperidol na metoclopramide huzuia dopamini na zinaweza kumkakamaza kabisa.

Siku ya kliniki bebeni dawa zake zote, na myataje maruweruwe bila kungoja kuulizwa. Wazee wengi huyaficha wakihofia kuitwa vichaa.