Herufi saba za kuimba, na kreyo ya kuchora



Kila mwaka, wale wa darasa la nane wakikaribia kuchagua opsio, swali ni lile lile: "Kuimba na kuchora itatusaidia nini ku Egzameni ya Serikali?" Siwacheki. Mimi mwenyewe, kapita wenu, nikiwa mdogo nilikuwa natoroka saa ya muziki ili nikamalize hesabu nyuma ya darasa.

Februari 2025, vita ilipofika Kavumu, watu wengi walihama. Aliyetufundisha korali naye akaenda. Miezi ikapita, tukataka kuimba tena wimbo aliotutungia mwenyewe, wa sauti nne. Soprano walikuwa nao wote. Alto, nusu. Tenori na basi, hakuna. Kila mtu aliimba yake. Halafu msichana mmoja akaleta karatasi iliyokunjwa ndani ya kaye: d, m, s, vitone na mistari. Kumbe wimbo wote njo huo! Wakanipa mimi niusome, kwa sababu ni mimi mkubwa. Nikaishika tu karatasi. Nilisikia haya sana.

Mama mmoja mzee wa korali ya zamani alitufundisha siku tano. Haya njo niliyoyapata kwake.

Herufi ni saba: d, r, m, f, s, l, t. Ni do, re, mi, fa, so, la, ti. Mtauliza: kwa nini ti, na si si kama kwa Kifaransa? Kwa sababu so na si zote zinaanza na s, mwimbaji angechanganyikiwa. Njia hii ilianzishwa na mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, na mchungaji John Curwen (1816–1880) akaitengeneza na kuieneza ili watu wasiokuwa na piano waimbe. Ni sisi kabisa hao.

Angalieni jambo moja ambalo linawapoteza wengi. Katika vitabu vya Kifaransa, do ni sauti moja isiyohama. Hapa do inahama: ukianza juu, do iko juu; ukianza chini kwa ajili ya basi, do iko chini. Kinachobaki ni nafasi kati ya sauti na sauti. Toka m kwenda f, na toka t kwenda do ya juu, ni hatua ndogo, nusu. Zingine zote ni hatua nzima. Wengi wanakosea hapo kwenye f, wanaipandisha mno.

Sasa wakati. Mstari wa kusimama unaanza kipimo. Nukta mbili zinatenga pigo na pigo. Kistari ni kushikilia sauti. Nukta moja inagawa pigo nusu kwa nusu. Jaribuni hii, nimeitunga mwenyewe, msicheke:

| d : m | s : – | m .r : d |

Pigeni meza polepole, mara mbili kwa kila kipimo. So inachukua mapigo mawili. Mi na re zinagawana pigo moja. Mkiweza hii bila mtu kuwaanzishia, mmeshaanza kusoma.

Msiseme ni njia ya watoto. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, akaiandika kwa herufi hizi hizi. Alikufa 1905. Hata leo sauti yake iko katika nyimbo za taifa za Tanzania, Zambia na Afrika Kusini.

Kuchora nako, kwa ufupi. Simama katikati ya barabara ya aeroporti asubuhi, pahali imenyooka (angalia motari kwanza!). Pande mbili za barabara zinakaribiana mpaka zikutane mbali, kwenye urefu wa macho yako. Chora kwanza mstari huo wa macho, halafu barabara, halafu nyumba. Ukiuacha, nyumba zako zitaanguka. Tena, anayejua kupima na kuchora hataogopa patroni ya nguo kwenye opsio ya kushona, wala moyo wa chura kwenye biolojia.

Lakini msinakili tu picha za kalenda. Huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mwaka 1946 karakana iliyoitwa Hangar. Hakutaka wachoraji waige Wazungu. Waliangalia pori, ndege na samaki waliowajua. Bela alipaka rangi kwa vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa vistari vidogo vidogo. Pilipili Mulongoy alijulikana kwa ndege na samaki wake. Sisi tuna ziwa, tuna Kahuzi, tuna migomba, na bado kwenye tablo tunachora minazi!

Karatasi ile tumeinakili mara tatu. Kwenye mstari wa mwisho wa basi kuna herufi moja iliyofutika, tunabishana kama ni f ao l. Anayetaka kusaidia aje Alhamisi baada ya masomo, na kaye yake na kreyo.

Kapita wa shule