Hamisha PHP Kwanza, Ndipo Upandishe Toleo

Wasimamizi wengi wa seva za Apache wanapoamua kuachana na PHP 7.4 hufanya kazi mbili kwa pamoja bila kukusudia. Wanabadilisha toleo la lugha iliyotumika kuandika tovuti, na papo hapo wanabadilisha namna seva inavyoiendesha lugha hiyo. Tovuti ikianguka, hakuna anayeweza kusema ni lipi kati ya hayo mawili limeiangusha. Uzoefu wa kazi hii umenifikisha kwenye msimamo mmoja: itoe kwanza PHP ndani ya Apache uihamishie PHP-FPM, huduma inayoiendesha nje ya Apache, ikiwa bado kwenye toleo lile lile la zamani. Hakikisha kila ukurasa unafunguka, kisha ndipo uguse toleo.

Sababu iko kwenye namna moduli ya PHP inavyofanya kazi. Hukaa ndani ya michakato ya Apache yenyewe, na Apache moja hubeba toleo moja tu. Ukizima php7.4 kwa a2dismod na kuwasha php8.3 kwa a2enmod, tovuti zote za seva hiyo zinahama kwa mpigo, iliyo tayari na isiyo tayari. Kuna jambo jingine ambalo halionekani upesi. Kuanzia PHP 8 jina la moduli lilibadilika: php7_module ikawa php_module. Sasa fungua faili la .htaccess la tovuti yoyote ya zamani. Mara nyingi utakuta mstari wa <IfModule mod_php7.c>, na ndani yake php_value upload_max_filesize 64M. Baada ya kupandisha toleo, sharti hilo halitimii tena, kwa hiyo Apache inaruka kila kilichomo bila kulalamika. Logi haisemi kitu. Kama php.ini haijaguswa, kikomo cha kupakia faili kinarudi 2M, na siku chache baadaye mtu wa ofisini anauliza kwa nini picha zake hazipandi. Hapo utaanza kupekua msimbo, kumbe msimbo hauna kosa lolote.

Kuhamia FPM kwanza huibua mambo ya namna hii mapema, wakati kitu kilichobadilika ni kimoja. Kwenye Ubuntu au Debian, sakinisha php7.4-fpm, washa proxy_fcgi na setenvif kwa a2enmod, kisha a2enconf php7.4-fpm, na mwisho uzime moduli ya zamani. Moduli ikizimwa huku FPM haijaunganishwa, Apache inaweza kumpa mgeni faili la PHP kama maandishi matupu, pamoja na nywila ya hifadhidata iliyomo. Kwa hiyo endesha apachectl configtest kabla ya kuwasha upya, na ukishawasha fungua ukurasa mmoja uone kinachotoka. Mistari ya php_value isiyo ndani ya IfModule itatoa kosa 500, na logi itakutajia faili lenyewe; iliyo ndani ya IfModule itarukwa kimya, kwa hiyo itafute kwa grep kabla ya kuanza. Yote ihamishie kwenye .user.ini au kwenye mipangilio ya FPM. Usiamini php -v hapa: inakuonyesha PHP ya mstari wa amri, ambayo ina php.ini yake na huenda ni toleo jingine kabisa. Ukurasa wa muda wenye phpinfo() ndio unaosema kweli. Ukimaliza kuusoma, ufute.

Baada ya hapo kupandisha toleo kunakuwa kazi ya tovuti moja moja. Kwa kutumia vifurushi vya PHP vinavyotolewa na Ondřej Surý, FPM ya 7.4 na ya 8.3 hukaa pamoja kwenye mashine moja, kila moja na soketi yake chini ya /run/php. Unaongeza mstari mmoja wa SetHandler katika faili la tovuti unayoijaribu; ikigoma, unauondoa. Viendelezi visakinishwe upya kwa kila toleo, maana php7.4-mysql haiisaidii 8.3, na kosa la kutofahamika kwa mysqli_connect huwa na maana hiyo. Baada ya hapo makosa yanayobaki ni ya lugha yenyewe: each() na create_function() ziliondolewa, count() ikipewa null inasimamisha ukurasa badala ya kuonya tu, na 0 == "abc" iliyokuwa kweli sasa ni uongo. Hilo la mwisho ndilo ninalolihofia zaidi, kwa sababu ukurasa unafunguka vizuri huku hesabu yake imebadilika.

Wapo watakaosema FPM ni huduma ya ziada ya kuangalia, na hivyo ni nafasi nyingine ya kuharibika. Ni kweli, lakini uharibifu wake hujitambulisha: soketi ikikosekana unapata 503, msimbo ukikwama unapata 500, ukichelewa mno unapata 504. Wengine wanahofia RAM ya seva ndogo. Kwa moduli ya zamani, kila mchakato wa Apache hubeba PHP hata unapotoa picha tu. Kwa FPM unapanga idadi kwa pm.max_children, na pm = ondemand huzima michakato isiyo na kazi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaosema Debian na Ubuntu huendelea kuziba matundu ya matoleo ya zamani, hivyo hakuna haraka. Nalikubali kwa kiasi. Mradi wa PHP wenyewe uliacha kuishughulikia 7.4 tarehe 28 Novemba 2022, na muda wa ziada wa Debian au Ubuntu nao una mwisho wake. Muda huo utumie kwa hatua ya kwanza, ambayo haidai kubadilisha msimbo hata mstari mmoja.

Kama seva yako bado inaendesha PHP 7.4 ndani ya Apache, anza wiki hii kwa kutafuta mod_php7 katika mafaili yako yote ya .htaccess, na uandike kila mpangilio utakaoukuta humo kabla hujagusa kingine chochote.