Mgonjwa wa akili ana mwili pia

Ziko nyumba nyingi ambamo mgonjwa wa akili hutunzwa kwa moyo wote, lakini upande mmoja tu. Jamaa wakishampeleka hospitalini, akapewa dawa, akaacha kusikia sauti na kuzurura usiku, wao hushusha pumzi na kudhani kazi imekwisha. Hakuna anayemuuliza kama kifua kinamuuma, kama anakwenda haja vizuri, au kwa nini suruali zake zote zimembana.

Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu magonjwa ya mwili ya watu wazima walio na maradhi makali ya akili. Shirika hilo linaeleza kwamba watu hao hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine. Wengi wao hawauawi na kule kuchanganyikiwa. Huuawa na ugonjwa wa moyo, kiharusi, kisukari, magonjwa ya mapafu na yale ya kuambukiza kama kifua kikuu na Ukimwi. Haya ni magonjwa yale yale ambayo jirani yako hupimwa na kutibiwa kila siku. Tofauti ni kwamba jirani yako akilalamika, husikizwa.

MARADHI MAKALI NI YAPI?

Tunaposema maradhi makali ya akili tuna maana ya skizofrenia, ambapo mtu husikia au kuamini mambo yasiyokuwapo. Ugonjwa wa bipola, ambapo mtu hupanda kwa furaha na nguvu zisizo za kawaida kisha akazama katika majonzi. Na huzuni kubwa inayomfanya mtu ashindwe kula, kufanya kazi hata kuoga. Si laana wala si mapepo. Ni maradhi, na yana dawa.

KWA NINI MWILI HUZOROTA?

Sababu ya kwanza ni maisha anayoishi mgonjwa. Wengi hawana kazi, hula kile kinachopatikana, hukaa au kulala muda mrefu na huvuta sigara nyingi. Wengine hutumia pombe, bangi au miraa.

Sababu ya pili ni dawa zenyewe. Baadhi huongeza hamu ya chakula na kuharibu jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta. Olanzapini na klozapini zajulikana zaidi kwa jambo hili. Mtu anaweza kuongezeka kilo kadhaa katika miezi michache ya kwanza, na sukari ikapanda katika damu bila yeye kuhisi lolote.

Sababu ya tatu ni sisi, jamaa na wahudumu wa afya. Mgonjwa akisema tumbo linamuuma, tunasema ni kichwa chake kimeanza tena. Ugonjwa wa akili hutupa kivuli juu ya kila neno analolisema, na chini ya kivuli hicho kidonda cha tumbo, mshtuko wa moyo au kifua kikuu hujificha mpaka siku zikapita.

USIMWACHISHE DAWA

Huenda sasa unawaza kwamba heri dawa ziachwe. La, hasha! Kabla ya dawa hizi kuwapo, mgonjwa hakuwa na njia nyingi ila kufungiwa. Hapa Nairobi hospitali ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa mwaka wa 1910, ikaja kuitwa Mathari mwaka wa 1924. Lakini dawa ya kwanza ya kutuliza skizofrenia, klopromazini, ambayo wengi waliijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa huko Ufaransa mwaka wa 1952. Ndiyo iliyowawezesha wengi kurudi makwao.

Tena, utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka wa 2009, uliofuatilia wagonjwa wa skizofrenia kwa miaka 11, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache miongoni mwa waliotumia dawa kwa muda mrefu kuliko wale ambao hawakuzitumia kabisa. Kwa hivyo, dawa ikileta madhara, mwambie daktari. Anaweza kupunguza kiasi, kubadilisha dawa au kuongeza tiba ya kuzuia uzito. Kuikatiza ghafla nyumbani ni kuualika ugonjwa urudi.

VIPIMO VINAVYOTAKIWA

Wagonjwa wengi huenda kliniki kila mwezi kuchomwa sindano kama Modecate au kuchukua vidonge. Mara nyingi hupanga foleni, huchomwa na kwenda zao. Usiiache safari hiyo ipotee bure. Omba haya:

1. Uzito. Upimwe kabla ya dawa mpya kuanza, kisha baada ya wiki 4, 8 na 12. Mtu wa kilo 60 akiongezeka kilo 3, yaani asilimia 5, ni wakati wa kuzungumza na daktari, usingoje ziwe 20.

2. Kiuno. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Kwa mwanamume, hatari huanza kupanda akizidi sentimita 94. Kwa mwanamke, akizidi sentimita 80.

3. Shinikizo la damu. Likifika 140 kwa 90 na kubaki hapo kila linapopimwa, linahitaji kushughulikiwa.

4. Sukari na mafuta katika damu. Zipimwe mwanzoni, baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka. Sukari ya mtu aliyefunga kula usiku kucha ikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na ikathibitishwa kwa kipimo cha pili, hicho ni kisukari.

5. Virusi vya Ukimwi na kifua kikuu. Mgonjwa akikohoa kwa wiki mbili, akipungua uzito au akitokwa na jasho usiku, apimwe makohozi. Akianza dawa za kifua kikuu, waeleze wahudumu dawa za akili anazotumia, kwani rifampisini hupunguza nguvu ya haloperidoli na maradhi ya akili yanaweza kuibuka upya.

DAWA ZENYE MASHARTI YAKE

Anayetumia klozapini lazima apimwe chembechembe nyeupe za damu, hasa katika miezi ya kwanza, kwani zinaweza kushuka kwa ghafla. Homa au koo kuuma kwa mtu huyu si jambo la kununulia vidonge dukani. Dawa hiyo pia hufunga choo, na tumbo lililofunga kabisa limewahi kuua. Asipopata choo kwa siku tatu, au tumbo likivimba na kuuma, mpeleke hospitalini.

Anayetumia lithiamu apimwe kiwango chake katika damu, pamoja na figo na tezi ya shingoni. Akiharisha, akitapika au akikaukiwa maji mwilini kwa jua kali, lithiamu huweza kuzidi na kuwa sumu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari hiyo, kwa hiyo asizinunue bila kuuliza. Akianza kutetemeka sana, kuyumba kama mlevi na kusinzia, huo si ulevi, mkimbize hospitalini.

Vidonge vya Artane, vinavyotolewa ili kuondoa ukakamavu wa misuli, hukausha kinywa. Wengi hujituliza kwa soda, na hivyo meno huoza na uzito hupanda. Maji ya kawaida, yanywewe kidogo kidogo, ni bora zaidi.

Akina mama wajue kwamba baadhi ya dawa hizi husimamisha hedhi na kutoa maziwa hata bila mimba. Nayo valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayeweza kushika mimba azungumze na daktari mapema, asingoje mimba itunge.

SIGARA

Mtu aliye na maradhi ya akili anaweza kuacha sigara, na kuacha kutamwongezea miaka. Lakini moshi wa tumbaku huufanya mwili uondoe klozapini na olanzapini haraka. Akiacha kuvuta, dawa hubaki nyingi mwilini. Kwa hivyo amwambie daktari kwanza ili kiasi kirekebishwe.

DALILI ZISIZONGOJA

Mpeleke hospitalini mara moja ukiona:

- Homa kali pamoja na misuli kukakamaa, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Haya yanaweza kuwa madhara ya dawa yanayoweza kuua.

- Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, hasa kukiwa na homa. Usiseme wazimu umerudi. Malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo na kushuka kwa sukari huanza hivyo.

- Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au upande mmoja wa mwili kulegea.

- Kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Huhitaji chakula cha tajiri. Sukuma wiki, maharagwe, githeri na omena vyatosha, ugali ukipunguzwa na mboga kuongezwa. Punguza sukari katika chai na uache mandazi yawe ya siku moja moja. Usimwamuru atembee, tembea naye. Nusu saa kwenda sokoni au shambani, siku tano kwa wiki, husaidia moyo na usingizi pia.

Nunua daftari dogo la shule. Andika majina ya dawa zake, uzito wa kila mwezi, shinikizo la damu na malalamiko yake kwa maneno yake mwenyewe. Mkifika hospitalini na mhudumu aseme ni mambo ya akili tu, fungua daftari na uombe kwa heshima: "Daktari, maumivu haya hakuwa nayo mwezi uliopita. Naomba umpime kama unavyompima mtu mwingine."

Na iwapo wewe msomaji ndiwe unayetumia dawa hizi, daftari hilo ni lako. Una haki ya kuuliza dawa inafanya nini na kupimwa bila kudharauliwa. Mkenya mwenye maradhi ya akili analindwa na Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari ijayo ya kliniki, kabla hajachomwa sindano, mwulize muuguzi mizani iko wapi.