Meza ya Shukrani na Mtoto Asiyeongea

Maandiko ya kusoma nyumbani: 2 Samweli 9; Luka 17:11-19; Luka 18:9-14

Jumapili tulijifunza habari ya wale wakoma kumi, na yule mmoja aliyerudi kumshukuru Yesu kwa sauti kubwa. Baada ya ibada, mama mmoja wa hapa kanisani aliuliza swali zuri sana: na mtoto ambaye sauti hana, yeye atarudije kushukuru? Mtoto wake ana usonji na haongei. Swali kama hilo linastahili somo zima. Nimeona tuanzie mbali kidogo, Marekani, kwa sababu walimu wa elimu maalum wa huko kila Novemba inabidi walijibu kwa vitendo.

Wengi wetu tuna ndugu huko, na wengine wao wameajiriwa kama wasaidizi wa walimu katika madarasa hayo hayo, kwa hivyo habari hii si ngeni kabisa. Siku ya Shukrani, ile wanaiita Thanksgiving, huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Watu husimulia karamu ya mavuno ya mwaka 1621 pale Plymouth, wakati wahamiaji kutoka Uingereza walikula pamoja na watu wa kabila la Wampanoag, wenyeji wa nchi ile. (Wako wenyeji ambao kwao siku hiyo ni ya maombolezo, kwa ajili ya ardhi iliyochukuliwa na watu waliokufa baadaye. Mwalimu makini hafichi hilo.) Rais Abraham Lincoln aliitangazia taifa lote mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hebu fikiria, nchi inazika vijana wake na rais anaitisha shukrani! Lakini hilo ni somo la wiki nyingine.

Kuna tarehe nyingine ambayo haitajwi sana. Tarehe 29 Novemba 1975, siku mbili tu baada ya Siku ya Shukrani ya mwaka huo, Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya umma bila malipo. Kabla ya hapo, kwa hesabu ya Bunge lao lenyewe, zaidi ya watoto milioni 1 walikuwa nje kabisa ya shule za umma. Mimi nilisomea biashara, na nambari huwa hazinipiti hivi hivi. Watoto milioni moja, na hakuna aliyekuwa amewawekea kiti. Sheria hiyo ndiyo inadai pia kila mtoto aandikiwe mpango wake mwenyewe wa masomo, wenye malengo yanayopimika. Leo anavuta mkono wa mwalimu akitaka maji. Baada ya miezi kadhaa awe anaonyesha picha ya maji bila kusaidiwa.

Sasa ingia nami darasani. Alhamisi yenyewe shule hufungwa, kwa hivyo karamu hufanywa siku chache kabla. Na hapo ndipo shida inaanzia, kwa sababu karamu ni vurugu. Meza zimehamishwa, wageni wamejaa, kuna harufu ya bata mzinga na ya boga, kila mtu anaongea. Kwa mtoto mwenye usonji anayeshikilia ratiba ile ile kila siku, furaha yetu inaweza kuwa mateso. Anaziba masikio, analia, na mgeni asiyejua anasema huyu hana adabu.

Kwa hivyo mwalimu haanzi na chakula. Anaanza kumtayarisha mtoto siku kadhaa mapema, kwa kijitabu kifupi cha picha ambacho husomwa kila asubuhi: tutakula pamoja, watu watakuwa wengi, nikichoka naweza kwenda kwenye kona tulivu. Aliyeanzisha hadithi za namna hiyo, miaka ya mwanzo ya 1990, ni mwalimu wa Marekani anayeitwa Carol Gray. Na ile kona tulivu lazima iwepo kweli, na mtoto akienda huko hafuatwi kama amefanya kosa.

Chakula nacho kina mambo yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kunyongwa na kipande cha nyama, kwa hivyo chake kinasagwa. Mwingine analishwa kwa mrija unaoingia tumboni. Mwingine anakula vitu vitatu pekee duniani, na bata mzinga hayumo, hakuna anayemlazimisha. Wote wanakaa meza moja. Tena hawakai tu kungoja kuhudumiwa. Mmoja anapanga sahani, moja kwa kila kiti, na hiyo ndiyo hesabu yake ya siku. Wakubwa kidogo wanapelekwa dukani na orodha ya picha, watafute viazi wenyewe. Asiyeweza kushika kijiko anabonyeza swichi kubwa inayowasha mashine ya kusaga boga. Napenda sana hiyo ya swichi. Mtoto ambaye maisha yake yote amelishwa, siku hiyo amelisha wenzake.

Kisha inakuja shukrani yenyewe. Katika shule nyingi watoto huchora kiganja cha mkono kwenye karatasi, dole gumba linakuwa kichwa cha bata mzinga na vidole vinakuwa manyoya, na kwenye kila unyoya wanaandika wanachoshukuru. Sasa, mtoto asiyeongea ataandika nini? Msaidizi mwenye haraka anamshika mkono, anaandika kwa niaba yake kwamba anashukuru kwa mama, baba na shule, anabandika ukutani. Mwishowe ukuta una ndege wanane wanaofanana, na hakuna mtoto hata mmoja amesema lolote. Hiyo ni shukrani ya msaidizi.

Mwalimu mwenye subira anafanya kazi ngumu zaidi. Anaweka mbele ya mtoto picha mbili au tatu za vitu anavyovijua: mbwa wa nyumbani, bembea, nyanya yake. Au anampa tableti inayotoa sauti ukigusa picha, au kitufe kimoja kikubwa kilichorekodiwa neno "asante". Halafu ananyamaza. Anahesabu moyoni hadi kumi, pengine anarudia. Wapendwa, kunyamaza sekunde kumi mbele ya mtu ni kazi. Jaribuni jioni ya leo. Mtoto akichagua bembea badala ya mama, inaandikwa bembea. Mama akija ataona bembea na pengine atacheka huku machozi yanamtoka, lakini hilo ni neno la mtoto wake mwenyewe.

Jambo lingine. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Upeo ya Marekani wa mwaka 1962, shule ya umma huko haiwezi kuongoza watoto kwa sala. Ndugu zetu wanaofanya kazi huko wanalijua hilo. Kwa hivyo shukrani za darasani zinaelekezwa kwa watu: dereva wa basi, mpishi, yule anayebadilisha nepi za watoto wakubwa bila kukunja uso. Sisi tunajua shukrani yote mwishowe inafika kwa nani. Hata hivyo nauliza, ni lini mara ya mwisho tulimshukuru anayeosha vyoo vya kanisa, kwa jina?

Turudi kwetu sasa. Kuna ushuhuda ambao tumeuzoea sana: namshukuru Mungu kwa sababu kuna wenye wamezaliwa hawatembei, lakini mimi natembea. Tunasema amina, na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu yuko pale safu ya nne anasikiliza. Amekuwa rula ya kupimia baraka zetu. Someni Luka 18 muone ni nani hekaluni aliyeshukuru kwa kujilinganisha na aliyesimama nyuma yake, na ni nani aliyeenda nyumbani amekubaliwa. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinataka mtu mwenye ulemavu aheshimiwe, asitajwe kwa njia ya kumdhalilisha. Haingefaa madhabahu yawe nyuma ya Katiba.

Najua kuna atakayeniuliza, pasta, kwani huamini uponyaji? Naamini, na mzazi akimleta mtoto tumwombee, tutamwombea. Lakini mtoto asivutwe mbele kila Jumapili kama kesi ambayo haijafungwa. Angalieni Mefiboshethi. Sura inamalizika akiwa bado ni mlemavu wa miguu yote miwili, na bado anakula mezani kwa mfalme daima. Daudi hakungoja ile miguu ipone ndio amwekee kiti.

Kwa hivyo, kuhusu Jumapili yetu ya shukrani mwisho wa mwezi huu, wazee wamekubali mambo machache. Chumba kilicho kando ya ofisi kitakuwa chumba tulivu, spika ya huko itazimwa, na mzazi anaweza kuingia na kutoka wakati wowote bila kuulizwa na wahudumu. Sauti ya vyombo itapunguzwa katika ile nusu saa ya watoto. Walimu wa shule ya Jumapili wanatengeneza kadi za picha, na mtoto yeyote ataleta kadi yake mbele, au italetwa na ndugu yake, bila kupewa maikrofoni na bila kuharakishwa. Wazazi, tafadhali mtume picha za vitu ambavyo mtoto wako anavipenda kufikia Jumatano, hata kama ni picha ya matatu. Chakula baada ya ibada ni pilau. Mwenye mtoto asiyekula pilau aseme mapema, jikoni watapika kando.