Wana Wetu na Michoro ya Kijapani

Ndugu wazazi, katika mambo yanayozungumzwa sana siku hizi, barazani na majumbani, ni vijana wetu kushikwa na filamu za michoro zitokazo Japani, ambazo wenyewe huziita anime. Huyu hulalamika kwamba mwanawe hukesha na simu na asubuhi haamki. Yule kwamba binti yake awajua mashujaa wa Kijapani kuliko awajuavyo jamaa zake. Na wa tatu ana khofu ya itikadi, kwani katika hadithi hizo mna miungu, mizimu na mashetani. Khofu hizi hatuzidharau. Lakini khofu isiyo na ujuzi haimfai mzazi wala mwana. Kwa hivyo twapenda tueleze asili ya jambo hili, kisha tutazame yatupasayo. Ama hukumu ya uchoraji wenyewe, hiyo ina mlango wake katika fiqhi, na hapa hatuuingii.

La kwanza, khofu hii haikuanza kwetu. Wazazi wa Kijapani walitutangulia. Mwaka 1955 walisimama wazazi na walimu wa Japani kuvipiga vita vitabu vya hadithi za picha, viitwavyo manga, ambavyo ndivyo asili ya anime nyingi. Hata vitabu vya Tezuka Osamu havikusalimika na lawama. Na huyo ndiye ambaye mchezo wake, Tetsuwan Atomu, ulianza kuonyeshwa katika televisheni tarehe 1 Januari 1963. Kisha, tarehe 16 Desemba 1997, sehemu moja ya Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukimulika kwa kasi, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitali. Kipindi kilisimamishwa miezi minne. Wenye ujuzi wakatafuta ni kitu gani khasa kilichodhuru, zikawekwa kanuni juu ya mwanga wa namna hiyo, na watoto wakawa huambiwa watazame chumbani mwenye taa na wasisogelee televisheni. Hii ndiyo njia ya wenye akili: dhara hutafutwa mahali lilipo, likazuiwa hapo.

La pili, wengi wetu hudhani kwamba kila kilichochorwa ni cha watoto. Kwa Wajapani sivyo. Wana majarida ya wavulana, kama Shonen Jump lililoanza mwaka 1968, na mengine ya wasichana, na mengine ya watu wazima. Filamu nazo zimegawanywa kwa umri: G ni ya watu wote, PG12 yataka mtoto aliye chini ya miaka 12 aongozwe na mzazi, R15+ haifunguliwi aliye chini ya miaka 15, wala R18+ aliye chini ya miaka 18. Tutazame Kimetsu no Yaiba, wanayoipenda mno vijana wetu. Ina damu na vichwa kukatwa. Ilipotoka mwaka 2019 ilionyeshwa usiku, wakati watoto wadogo wamelala. Na filamu yake ya mwaka 2020 ilipewa daraja ya PG12.

Basi huko kwao palikuwa na nyua: saa ya kuonyeshwa, jarida lenye wasomaji wake, na bawabu mlangoni pa sinema. Katika simu nyua hizo zote zimeanguka. Kilichotengezwa kwa mtu mzima atazame usiku humfikia mtoto wa miaka tisa saa saba mchana, peke yake, chini ya shuka. Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye dhara kubwa. Na hakuna awezaye kuusimamisha ua ulioanguka ila mzazi.

Huenda mtu akasema: "Dawa ni kupiga marufuku yote." Twajibu: mwaka 2001 Saudia ilikataza michezo na kadi za Pokémon, na katika hoja zilizotajwa ni kufanana kwake na kamari. Hatusemi hapakuwa na sababu. Lakini mwaka 2021 kampuni ya Manga Productions ya Riyadh, ikishirikiana na Toei Animation ya Japani, ilitoa filamu iitwayo The Journey, yenye kisa cha jeshi la Abraha kuiendea Makka. Kalamu ni ile ile; kilichobadilika ni makusudio ya mwenye kuishika. Tena mtoto aliyekatazwa asielezwe hutazama kwa simu ya mwenziwe, na la ziada alilojifunza ni kuficha.

Na mwingine atasema: "Hizi ni katuni tu, waacheni." Huyu naye amekosea. Mwaka 1988 Takahata Isao alitoa Hotaru no Haka, filamu ya ndugu wawili mayatima wanaoteseka kwa njaa katika siku za mwisho za vita vya 1945, hata wakafa. Watu wazima huitazama wakalia. Chenye nguvu ya kumliza mtu mzima kina nguvu pia ya kumharibu mtoto, kikiwa kibaya.

Basi yatupasa nini? Kwanza, tumuulize mwana jina la anachokitazama, na tujue umri uliowekewa. Pili, tukae naye tutazame sehemu moja nzima, bila kukemea. Akikutana na miungu ya Kijapani, tumweleze kwamba hiyo ni itikadi ya watu wa huko, na tumkumbushe tauhidi yake kwa upole. Aliyefundishwa hupambanua, na aliyeachwa huchanganya. Tatu, baada ya Isha simu ilale kwa wazazi. Nne, tukimnyima kitu tumpe kitu: mpira, ufuo, safari ya kuwaona jamaa, na akipenda kuchora maua na nakshi za milango yetu, tumnunulie karatasi na kalamu. Tano, tukiona ameacha sala, masomo na usingizi, tusianze kwa fimbo. Tuanze kwa kumuuliza ni nini anachokipata huko asichokipata kwetu. Huenda jibu likawa zito kwetu kulisikia, nalo ndilo lenye faida zaidi.

Enyi wazazi, mtoto aliyekosa wa kuzungumza naye nyumbani hufanya urafiki na chochote kinachozungumza. Leo ni michoro ya Japani. Kesho kitakuja kingine kisichokuwa na jina bado. Tukae na wana wetu. Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi nao katika lenye kheri. Amin.